Kutoka CRB hadi hati ya nyumba: shajara ya mradi wetu, Ukunda

Februari 2024

Jibu la sacco limekuja, na ni fupi: ombi la mkopo wa nyumba limekataliwa kwa sababu ya "taarifa mbaya CRB", yaani kwenye kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu. Hatukushangaa. Tulijua jina langu limeorodheshwa tangu 2021. Tusichokijua ni madeni mangapi yameandikwa, nani anadai nini, na kama wote wanaodai wanadai haki. Basi mradi unaanzia hapo: kulisafisha jina kwanza, kisha kutafuta nyumba ya vyumba viwili hapa hapa Ukunda. Mke wangu ndiye aliyesema kila hatua iandikwe, maana karatasi zetu za wakati wa korona zimejaa bahasha tele na hakuna anayekumbuka lipi lilitangulia lipi.

Historia yenyewe si ndefu. Ninafanya kazi stoo katika hoteli moja ya Diani. Mwaka 2019 nilichukua mkopo wa benki uliokuwa ukikatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, hoteli ikafungwa, sote tukapewa likizo isiyo na malipo. Mshahara ukikatika, makato nayo hukatika, lakini deni linaendelea kukua. Benki Kuu ilikuwa imeruhusu mikopo iliyokuwa ikilipwa vizuri hadi 2 Machi 2020 ipangwe upya, na benki yangu ikanisogezea tarehe. Benki Kuu pia ilizuia watu kuorodheshwa CRB kwa miezi sita, hadi 30 Septemba 2020. Mwaka uliofuata ikazuia tena, safari hii kwa mikopo ya chini ya shilingi milioni 5 iliyoharibika kuanzia 1 Oktoba 2021. Wangu uliharibika mapema 2021, baina ya kinga hizo mbili, mahali ambapo hapakuwa na kinga yoyote.

Si wakati mzuri wa kuwaza mkopo. Mwezi huu Benki Kuu imepandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13. Lakini kusafisha jina huchukua muda, na riba huenda zikashuka tukiwa njiani.

Machi 2024

Kenya ina CRB tatu zenye leseni: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka. Tumechukua zote tatu, na ninamshauri yeyote afanye hivyo, maana zetu hazifanani.

Ya kwanza inaonyesha mkopo wa benki kuwa mbovu, na mkopo wa simu wa shilingi 3,400 kuwa haujalipwa. Ya pili inasema wa benki ni mbovu lakini ule wa simu umelipwa. Ya tatu inasema yote mawili hayajalipwa, na imeongeza deni la shilingi 780 la programu fulani ya mikopo ambayo hata jina lake silikumbuki. Mtu mmoja, kitambulisho kimoja, hadithi tatu.

Nilimpelekea karatasi hizo dada wa mikopo pale sacco. Nilikuwa nimepiga mstari chini ya maneno "mkopo mbovu" kila yalipotokea. Akazipitia haraka, kisha akageuza ukurasa hadi kwenye jedwali la viboksi vya mwezi kwa mwezi ambalo sikuwa nimelijali.

"Kaka, wewe unatazama huku. Sisi tunatazama huku."

Akaweka kalamu juu ya safu ya siku za kuchelewa. Sifuri, sifuri, sifuri hadi mwisho wa 2020; halafu 30, 60, 90, na kuendelea. Mkopo ukifika siku 90 bila kulipwa ndipo unapohesabiwa mbovu. Akanieleza kwamba cheti cha CRB kinaonyesha tu kuwa kwa sasa hudaiwi deni lililoharibika, na kwa mkopo wa dharura kinatosha. Kwa mkopo wa miaka 15 kamati haisomi cheti, inasoma viboksi. Inataka kuona mtu alianguka lini, akainuka lini, na baada ya kuinuka amesimama kwa muda gani.

Hapo mradi ukabadilika. Tulidhani kazi ni kulipa, kupata cheti, kisha kuomba. Sasa kuna kipande kikubwa baada ya kulipa ambacho hakiwezi kuharakishwa kwa pesa.

Aprili 2024

Madeni madogo kwanza.

Lile la 780 lilikuwa rahisi. Kanuni za CRB za 2020 haziruhusu mtu kuorodheshwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000, na Aprili mwaka huo Benki Kuu iliwaondolea wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina CRB. Malalamiko kwa barua pepe, nakala ya kitambulisho, likaondolewa.

La 3,400 limenipotezea muda zaidi ingawa nilikwisha kulilipa. Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kuwarekebishia jina wakopaji wa simu: mikopo ya benki ya siku 30 au chini ya hapo, iliyokuwa haijalipwa kufikia mwisho wa Oktoba 2022, ipunguzwe angalau nusu, na mkopaji apewe hadi mwisho wa Mei 2023 kumaliza. Zaidi ya watu milioni 4 walikuwa ndani ya mpango huo. Mimi ni mmoja wao, nikalipa nusu yangu. CRB moja ikapata habari. Mbili hazikupata.

CRB haina ruhusa ya kufuta kitu kwa sababu umelia. Yenyewe hutunza tu inacholetewa, na anayepaswa kusahihisha ni mkopeshaji aliyepeleka taarifa. Kwa hiyo malalamiko lazima yaende pande zote mbili kwa wakati mmoja: CRB ianze uchunguzi, na mkopeshaji apelekewe ushahidi. Ushahidi wangu ulikuwa kwenye simu iliyoibwa. Nikaomba taarifa ya M-Pesa ya miezi ile, ikaja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri, nikatafuta mstari wa malipo, nikauzungushia duara na kutuma. Wiki kadhaa baadaye ripoti zote zikasoma "umelipwa".

Katikati ya hayo kijana mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp la kazini alijitokeza kusema ana mtu "ndani" anayefuta majina kwa 3,500. Wenzangu wawili walimtumia. Huyo mtu wa ndani hayupo. Taarifa ya kweli haifutwi kwa hongo ya M-Pesa, na ya uongo hufutwa bure.

Mei na Juni 2024

Sasa benki.

Nilipofika dawati la madeni nilipewa kiti cha plastiki na kijana mpole sana aliyeniita mzee kila sentensi. Akasoma kwenye kompyuta: shilingi 269,750. Nikamwomba anichapishie taarifa yote ya mkopo tangu siku ya kwanza. Akasema ukurasa wa mwisho unatosha. Nikamwambia ninataka na ile mingine. Alisitasita, akaenda kwa mkubwa wake, akarudi nayo ikiwa ya moto kutoka kwenye mashine.

Jioni tukaitandaza mezani, mimi na mama watoto, na kalamu ya kijani. Tulikuwa tunatafuta nambari moja tu: deni la msingi lilikuwa kiasi gani siku mkopo ulipohesabiwa mbovu. Tukalipata: 118,400.

Sababu ya kulitafuta ni kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007. Kinasema mkopo ukishaharibika, benki inaweza kudai vitu vitatu tu: deni la msingi lililokuwepo siku hiyo, riba isiyozidi kiasi hicho hicho cha msingi, na gharama za kulifuatilia deni. Riba ikishalingana na msingi, inasimama. Kwetu hiyo ni 118,400 mara mbili, yaani 236,800. Kwenye taarifa kulikuwa na 32,950 zaidi, na hakuna mstari hata mmoja ulioitwa gharama. Zote zilikuwa riba na faini za kuchelewa.

Ninashangaa jinsi kifungu hiki kisivyojulikana mitaani. Watu wanakijua kiasi cha riba ya Fuliza, ule mkopo wa papo kwa papo wa M-Pesa, hadi senti, lakini hawajui kwamba deni la benki lililoharibika lina dari kisheria.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja, bila matusi na bila hadithi ya shida zangu. Tarehe mkopo ulipoharibika, msingi wa siku hiyo, kifungu, hesabu, na ombi: kama kuna gharama za kufuatilia, zitajwe moja moja. Nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ni muhimu kuliko barua yenyewe.

Jibu lilichelewa, halafu likaja zuri. Walirudi hadi 236,800 bila kubishana, na aya ya pili ikasema nikilipa 165,000 kabla ya mwisho wa Agosti watahesabu deni limekwisha. Mke wangu akataka tulipe kesho yake. Nikasema barua kwanza, pesa baadaye. Tuliomba iandikwe wazi kwamba baada ya malipo hayo salio ni sifuri, akaunti inafungwa, hakuna kitakachouzwa kwa wakala wa madeni, na CRB zote zitaarifiwa hivyo. Waliandika. Hakuna aliyeonekana kukasirika; nadhani ni vile tu watu hawaombi.

Septemba 2024

Tumelipa Agosti. Pikipiki imeuzwa, zamu ya mke wangu ya kupokea pesa kwenye chama chao iliangukia Julai, na msimu wa Agosti hotelini ulileta marupurupu ya huduma. Sina la kuongeza hapo, ni uchungu wa kawaida.

Ripoti mpya: akaunti imefungwa, salio sifuri. Cheti kimetoka pia. Lakini historia iko pale pale, na itakaa. Taarifa mbaya hubaki kwenye faili kwa miaka mitano kuanzia siku deni lilipomalizwa, si siku lilipoharibika. Ndiyo maana kuacha deni "lizeeke lenyewe" ni hesabu mbaya: miaka mitano hiyo haijaanza hata kuhesabiwa.

Novemba 2024

Kipindi cha viboksi. Mpango wa dada wa sacco ni huu: nichukue mkopo mdogo nisiouhitaji sana, nilipe tarehe ile ile kila mwezi, na nisiguse mkopo wowote wa simu. Nimechukua 60,000. Sehemu imekwenda kwenye cherehani ya pili ya mke wangu, kwa hiyo si kwamba pesa zimelala.

Fuliza nimejitoa. Haikuwa imenitia matatani, ila taarifa ya M-Pesa inayoonyesha mtu anakopa kila tarehe 20 ili afike tarehe 30 inasomwa na kamati kama inavyosomwa na mke.

Machi 2025

Jina linaendelea vizuri. Sasa kikwazo ni hati ya mshahara. Sheria ya Ajira hairuhusu makato yote kwa pamoja yazidi theluthi mbili ya mshahara. Wakopeshaji wote huanzia hapo, na makato ya lazima yamekuwa yakisogea chini ya miguu yetu. Oktoba iliyopita SHIF, bima mpya ya afya, ilichukua nafasi ya NHIF kwa asilimia 2.75. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5. Februari hii kiwango cha juu cha NSSF, akiba ya uzeeni, kimepanda hadi mshahara wa 72,000, na mchango wangu umetoka 2,160 hadi 3,480. Afadhali kidogo ni kwamba tangu mwisho wa Desemba SHIF na ushuru wa nyumba hutolewa kabla ya kodi kukokotolewa.

Mshahara wangu ni 58,000. NSSF 3,480, SHIF 1,595, nyumba 870, PAYE, yaani kodi ya mshahara, kama 8,000. Jumla karibu 13,950. Theluthi mbili ya 58,000 ni 38,667. Ukitoa makato ya lazima na akiba ya sacco ya 4,000, nafasi ya kulipia nyumba ni takriban 20,700 kwa mwezi. Kipato cha cherehani hakihesabiwi kwa sababu hakina hati, jambo linalomuudhi mwenyewe, na ana haki.

Tukafanya hesabu ya shilingi milioni 1.8 kwa miaka 15. Kwa riba ya asilimia 17, ambayo ndiyo tuliyotajiwa benki, ni karibu 27,700 kila mwezi. Haiwezekani hata kabla mtu hajafungua faili langu. Kwa asilimia 9.5 ya sacco yetu, kupitia fedha za KMRC, ni karibu 18,800. KMRC ni ile kampuni iliyopata leseni ya Benki Kuu mwaka 2020. Haimkopeshi mwananchi, bali huzipa benki na sacco pesa za muda mrefu kwa bei nafuu ili zimkopeshe yeye kwa riba ya tarakimu moja. Kwa mtu wa mshahara wangu tofauti hiyo ya 8,900 ndiyo mradi wote. Jina safi lenye riba ya 17 lingetuacha kwenye nyumba ya kupanga.

Juni 2025

Mkopo wa 60,000 umekwisha kwa wakati, viboksi vyote sifuri. Hati ya kiwanja cha mke wangu cha Kinango imetoka hatimaye baada ya ugawaji wa ardhi, na kimeuzwa. Wengine wametuuliza kwa nini hatukukiuza mapema tumalize benki. Bila hati wanunuzi walikuwa wanataja bei ya mbuzi wawili.

Nyumba imepatikana, nyuma kidogo ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Vyumba viwili, kisima cha pamoja, milioni 2.3. Tunaweka 500,000, sacco inaweka 1.8. Pembeni kuna ushuru wa stempu wa asilimia 4 kwa kuwa ni ndani ya manispaa, karibu 92,000, kisha wakili na mthamini.

Julai 2025

Upekuzi wa ardhi umerudi safi: hati ni ya mzee anayetuuzia mwenyewe, haijawekwa rehani. Tulidhani tumemaliza. Wakili wa sacco akauliza swali moja, mzee ana wake wangapi?

Wawili. Sheria inataka ridhaa ya mke kabla nyumba ya familia haijauzwa, na wakili hakutaka kubahatisha ni mke yupi anayehesabika kwa nyumba ipi. Alitaka sahihi za wote. Mke mdogo alisaini siku hiyo hiyo. Mke mkubwa yuko Vanga, mguu unamsumbua, hapandi matatu. Basi tukakodi gari, mimi, mzee na wakili, tukamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mnunuzi?"

Akamwita mjukuu amsomee fomu yote, mstari kwa mstari. Ilipofika bei akainua mkono. Mzee, kumbe, alikuwa amemwambia milioni 1.7. Sitaandika hapa yaliyofuata. Tulikunywa chai mara mbili uani huku wao wakizungumza ndani, na alipotoka, wakili aliambiwa aandike kwenye karatasi nyingine sehemu ya mama itakayolipwa moja kwa moja kwenye akaunti yake. Ndipo akatia dole gumba.

Agosti 2025

Kamati ya mikopo imekaa. Walimuuliza dada wa sacco kuhusu mwaka 2021 na akawaonyesha mambo matatu: hati za mshahara za Februari na Aprili 2020 zikiwa zimebandikwa pamoja, barua ya benki ya salio sifuri, na viboksi vya mkopo wa 60,000. Cheti cha CRB kilikuwa ndani ya faili lakini hakuna aliyekiomba. Wamepitisha. Mwezi huu huu Benki Kuu imeshusha riba yake hadi asilimia 9.5, jambo ambalo halibadilishi mkataba wetu kwa kuwa riba yetu haipandi wala haishuki, ila ni vizuri kuona upepo umegeuka kwa wengine.

Septemba 2025

Mikataba imesainiwa na iko ofisi ya ardhi Kwale, ikisubiri kusajiliwa. Rehani ikishaandikwa kwenye hati, pesa zinakwenda kwa wakili wa mzee. Makato ya kwanza yatakuwa mshahara wa Oktoba kama mambo hayakukwama. Mkataba una kifungu kinachosema malipo yetu, mazuri na mabaya, yatapelekwa CRB kila mwezi; mke wangu amekisoma kwa sauti mbele yangu. Ule mstari wa benki utabaki kwenye faili hadi Agosti 2029.

Lililobaki ni minazi mitatu ya uani. Mzee anaomba aendelee kuangua nazi hadi Ramadhani. Wakili amekataa kuliingiza ombi hilo kwenye mkataba, kwa hiyo tumeliandika kwenye karatasi ya daftari na kulisaini mimi, yeye na mke mdogo. Nakala ya mke mkubwa itapelekwa Vanga Jumamosi.